Kihisi cha kusimamisha roboti: lebo ilisema 6050, chipu ikasema lingine

Nina hasira na sifichi. Roboti ya magurudumu mawili haisimami bila kihisi cha kuiambia imeinama kiasi gani, na hicho ndicho nilichokifuata Kariakoo: MPU-6050, jairoskopu (kipima kasi ya kuzunguka) na akselerometa (kipima mvuto na mtikisiko) ndani ya chipu moja. Muuzaji akaniapia kuwa ndiyo yenyewe.

Nikafunga, nikawasha mota. Roboti ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha puu, chini! Mota zikizimwa, namba zimetulia. Zikiwashwa, akselerometa inasoma kila mtikisiko wa fremu. Nikakaza kichujio, ule mpangilio wa kupunguza mitikisiko kwenye namba, wapi. Jairoskopu ilikuwa safi, lakini huwezi kuitegemea peke yake: kosa lake dogo hujilimbikiza mpaka roboti inaamini iko wima kumbe inaanguka.

Siku moja usiku nikasoma rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu) namba 0x75, mahali chipu inapojitambulisha. MPU-6050 hujibu 0x68. Yangu ikajibu 0x70. Hiyo ni MPU-6500! Kwenye 6050, rejista 0x1A huchuja vyote viwili. Kwenye 6500, akselerometa ina kichujio chake, 0x1D, na programu ya 6050 haikigusi kabisa.

Nikarudi dukani kwa adabu, nikamwamkia. "Dogo, ukishachoma pini kwa lehemu ni mali yako. Halafu nani kakutuma kupimapima vitu vya watu?" Vitu vya watu, wakati hela nimetoa mimi! Wateja wamejaa wanasikiliza, yeye akanigeuzia mgongo akaendelea na simu yake.

Chipu yenyewe niitendee haki. Nilipoweka kichujio kwenye 0x1D, roboti ilisimama. Nikaisukuma kwa kidole, ikayumba, ikajirudi. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaja kutazama. Kihisi ni kizuri, pengine kuliko hicho nilichoomba, na ningekinunua tena hata kesho.

Hapana, pale sinunui tena. Kuna mwanafunzi sasa hivi anafuta hesabu zake usiku kucha akidhani hajui kitu, kumbe kadanganywa na lebo, na hilo linaniuma kuliko hela yangu. Kihisi nakipa alama za juu. Duka halipati hata moja. Ukienda kununua, beba Arduino yako (kibao kidogo cha kompyuta cha kusomea kihisi), mwambie muuzaji achome pini mwenyewe, msome 0x75 wote wawili kabla hujalipa. Akikataa, ondoka.