TAHADHARI kwa wavaaji miwani: kikalamu cha leza na lenzi ulizolipia usizopewa

Ndugu zangu, kuna muuzaji wa lenzi ambaye jina silitaji, kwani kila akizomewa hubadili jina la ukurasa na kuendelea, na wanaomuiga ni wengi. Kazi yangu ni kusaga lenzi na kuzifunga kwenye fremu. Miwani yake huishia mezani kwangu, imeletwa na mwenyewe anayelalamika kichwa kinamgonga. Nimeona niandike mbinu zao zilivyo ili uzitambue hata likija jina jingine.

Mbinu inayopendwa ni ile ya kikalamu. Anakuwekea lenzi mbili. Anamulika ya kwanza kwa kikalamu cha leza yenye rangi ya zambarau iliyokolea, mwanga unapita hadi ukutani. Anamulika ya pili, mwanga unakwama. "Umeona? Hii ndiyo inayokukinga na mwanga wa simu." Watu wanatoa pesa papo hapo.

Sasa sikiliza. Vikalamu hivyo kwa kawaida hutoa mwanga wa nanomita 405, ambao uko ukingoni kabisa, jirani na mionzi ya urujuanimno isiyoonekana. Bluu ya skrini za simu na kompyuta ina kilele karibu na nanomita 450. Lenzi inaweza kuzima mwanga wa kikalamu kabisa na kuachia sehemu kubwa ya bluu ya skrini ipite. Onyesho ni la kweli, ila linajibu swali ambalo hukuuliza. (Na usikubali leza hiyo imulikwe lenzi ikiwa usoni mwako. Nimeona video ya mtu akifanyiwa hivyo huku akicheka.)

Tuseme hata umepewa lenzi halisi ya kuchuja bluu. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, ulichapisha uchambuzi wa majaribio 17 ya lenzi hizi. Haukuona dalili kwamba zinapunguza uchovu wa macho unaotokana na kompyuta kuliko lenzi za kawaida, angalau kwa muda mfupi uliopimwa. Kuhusu usingizi matokeo yalipingana, na kuhusu kulinda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hapakuwa na ushahidi wa kuegemea. Macho yanayochoka mbele ya skrini mara nyingi yamechoka kwa sababu tukikodoa tunasahau kupepesa, au namba ya miwani haifai tena. Ukitaka kuinunua, nunua kwa kuipenda. Lakini muuzaji akikutishia upofu kwa sababu ya simu yako, ondoka.

Mbinu ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Ni ya lenzi nyembamba. Plastiki za lenzi hupangwa kwa indeksi, yaani uwezo wake wa kupinda mwanga: ya kawaida ni 1.50, polikaboneti ni 1.59, kisha kuna 1.60, 1.67 na 1.74. Indeksi ikipanda, lenzi ya namba ileile hutoka nyembamba zaidi na bei nayo hupanda. Huyu bwana humwambia kila anayeingia kwamba anahitaji 1.67 au 1.74, hata mwenye namba −1.50. Kisha katika bahasha anakutilia ya 1.56.

Pima mwenyewe kama inafaa. Chukua namba −2.00 na ukingo ulio milimita 25 kutoka kitovu cha lenzi. Unene unaookoa kwa kutoka 1.50 kwenda 1.67 ni kama theluthi moja ya milimita. Kwa −5.00 ni robo tatu hivi ya milimita, hapo angalau kuna la kuzungumza. Kwa −8.00 unazidi milimita moja, na hapo mtu ana haki ya kuitaka. Fremu ndogo ya duara, ambayo jicho linakaa katikati yake, mara nyingi hupunguza ukingo kuliko lenzi ghali iliyofungwa kwenye fremu pana. Hilo hutaambiwa, kwa kuwa fremu ndogo haiongezi bei.

Tena indeksi ya juu ina gharama yake. Lenzi ya 1.50 isiyo na kinga ya mng'ao hurudisha asilimia 8 hivi ya mwanga, ya 1.74 hurudisha karibu 14. Kwa hiyo lenzi nyembamba bila kinga ya mng'ao ni kioo cha kujitazamia. Kuhakiki kinga hiyo ni rahisi: simama chini ya taa na tazama taswira ya taa kwenye lenzi. Ikiwa hafifu na ina rangi ya kijani, bluu au zambarau, kinga ipo. Ikiwa nyeupe na kali, umelipia hewa.

Ya lenzi zinazobadilika rangi juani nitapita haraka. Akikuonyesha kwa tochi ya urujuanimno inageuka nyeusi, sawa, ndivyo zinavyofanya kazi. Ila asikuuzie kama miwani ya kuendeshea gari. Kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayoiamsha, kwa hiyo ndani ya gari nyingi hubaki karibu nyeupe. Joto kali nalo huzifanya zisikolee.

Tuje kwenye namba zenyewe, maana hapa ndipo watu wanaumizwa. Karatasi yako ya vipimo ina SPH, yaani nguvu kuu ya lenzi, na wengi wetu pia tuna CYL na AXIS, yaani nguvu ya ziada na mhimili wake, kwa ajili ya astigmatizimu, ile hali ya jicho kutopinda mwanga sawasawa pande zote. Lenzi yenye CYL katika mhimili wako si lazima iwepo rafuni. Pengine inabidi iagizwe, na ikifika ifungwe kwa digrii sahihi za mhimili huo. Muuzaji wa haraka hufuta CYL, anaongeza nusu yake kwenye SPH, kisha anatoa lenzi ya kawaida kwenye boksi. Mwenye −2.00 na CYL −1.00 anapewa −2.50 tupu. Anaona, lakini herufi zina kivuli, na jioni kichwa kinauma.

Hili unaweza kulikagua nyumbani. Shika miwani shibiri moja mbele ya uso, tazama kupitia lenzi moja mstari ulionyooka ulio mbali, kama ukingo wa mlango, kisha izungushe miwani polepole kama usukani. Kama lenzi ina CYL ya 1.00 au zaidi, kipande cha mstari kinachoonekana ndani ya lenzi kitapinda na kuachana na kile cha nje. Kisipopinda kabisa, na karatasi yako ina CYL ya kiasi hicho, umeibiwa. Ukiisogeza kushoto na kulia badala ya kuizungusha, lenzi ya namba hasi hupeleka taswira upande ule ule unaosogeza, ya namba chanya huipeleka upande wa pili. Nimekutana na miwani iliyogeuzwa alama, chanya badala ya hasi. Mwenyewe alikuwa ameambiwa avumilie.

PD pia, yaani umbali kati ya mboni mbili. Ukiona mtu anakuuzia miwani ya namba bila kuuliza PD, ujue ameweka makadirio. Kwa −5.00, kila lenzi ikikaa milimita 4 kando ya mboni, jicho linabebeshwa prizimu ya dayopta 2, yaani taswira imehama sentimita 2 kwa kila mita moja. Misuli ya macho hufanya kazi siku nzima kurekebisha kosa la fundi.

Kwa wanaonunua progresivu, zile zinazoona mbali na karibu bila mstari, dai na urefu wa mboni upimwe ukiwa umevaa fremu yako mwenyewe. Kisha zitazame lenzi kwa kuziinamisha kwenye mwanga: progresivu halisi huwa na alama mbili ndogo zilizochorwa, milimita 34 kutoka moja hadi nyingine. Chini ya alama ya upande wa sikio kuna namba ya ADD, yaani nguvu inayoongezwa kwa kuonea karibu, na chini ya ile ya upande wa pua huwa na alama ya kampuni iliyoitengeneza. Ukilipia kampuni fulani na alama yake haipo, rudisha siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa, stakabadhi iandikwe namba zote za macho yote mawili, PD, indeksi, aina ya kinga na jina la lenzi. Huyu ninayemsema huandika "miwani, 1" tu, na ukimwomba aongeze anakasirika. Ukishaichukua, ipeleke kwa mtu mwingine mwenye lensomita, kifaa cha kupimia namba ya lenzi, si kwake. Kuipima ni kazi ya dakika chache, na wengi hawatozi.

Akikujibu "utazoea", muulize ni nini hasa unachozoea. Progresivu mpya huhitaji siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, na badiliko kubwa la namba pia. Lakini namba isiyolingana na karatasi, CYL iliyofutwa au kitovu kilichokaa kando si vitu vya kuzoea. Chukua karatasi ya vipimo, stakabadhi na majibu ya lensomita, nenda navyo vyote vitatu kudai lenzi mpya au pesa yako, na picha ya ukurasa wake uipige mapema kabla hajaubadilisha jina.