Mipira ya Matone Katika Ardhi ya Uwanda: Tathmini Baada ya Misimu Miwili ya Tungule

Seti ya umwagiliaji wa matone niliyoinunua kwa shilingi 280,000 katika duka moja la pembejeo mjini Unguja imeandikwa kwenye boksi lake kuwa inatosha eneo la mita za mraba 200, na kwa hilo boksi halikusema uongo. Ndani mlikuwamo mpira mkuu wa milimita 32, mipira myembamba ya milimita 16 yenye vijitundu kila baada ya sentimita 30, viungio, koki moja na chujio dogo la wavu. Tangi hujitafutia mwenyewe. Langu ni la lita 1,000, nami nimeliweka juu ya matofali, kimo cha mita moja na nusu, kando ya kisima cha konde langu la Tunguu. Nimeitumia seti hii kwa misimu miwili ya tungule (nyanya) na mmoja wa bilingani, na ninayoyaandika yanawahusu zaidi wenzangu wanaolima upande wa uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, kwa sababu wa udongo mzuri hawatapata shida nyingi.

Kazi yake ya msingi inaifanya vizuri. Katika mistari kumi ya mita 20 kila mmoja, tangi lililojaa huchukua karibu saa tatu kwisha, mwendo ambao aliyezoea mpira wa mashine ataudharau, lakini ndio unaoipa ardhi nafasi ya kunywa bila maji kutiririka ovyo. Ieleweke tu kwamba kila mita moja ya kimo cha tangi huleta takriban sehemu moja ya kumi ya msukumo ambao mipira hii imetengenezewa, hivyo anayetaka kuvuta mistari mirefu kuliko hiyo bila pampu ajue kuwa miche ya mwishoni itabaki na kiu. Faida niliyoiona mapema ni ya majani: kwa kuwa hayaloani, maradhi ya bakajani yalipungua sana nikilinganisha na nilipokuwa nikimwagilia kwa ndoo. Halafu tungule zilizooza kitako, ambazo zamani nilikuwa nikizitupa kwa pakacha, zikawa za kuhesabika, kwani maradhi hayo hutokana zaidi na maji kupishana, leo tele na kesho hakuna, hadi tunda likakosa kalsiamu ya kutosha. Na Ramadhani ilipotukuta katikati ya kiangazi, kufungua koki baada ya alasiri na kwenda zangu kulikuwa ni raha ambayo aliyewahi kubeba ndoo akiwa amefunga hahitaji kuelezwa.

Tatizo lilianza wiki ya sita. Miche ya katikati ya mistari mitatu ilianza kulegea mchana, nami nikadhani ni mnyauko ule unaotoka udongoni na kuua mche mzima, nikang'oa mmoja kwa uchungu. Mizizi ilikuwa myeupe na mizima, ila udongo chini yake ulikuwa mkavu kama majivu. Nilipougeuza mpira nikakuta vijitundu vimezibwa na ukoko mweupe. Yeyote aliyechemsha maji ya kisima cha uwanda anaujua ukoko huo, kwani ndio unaobaki ndani ya birika. Maji yetu hupita katika mawe ya matumbawe na kuyeyusha chokaa, kisha tone linapokaukia mdomoni mwa kijitundu, maji huenda na chokaa hubaki. Chujio linalokuja na seti huzuia mchanga na takataka tu, wala halina uwezo juu ya kitu kilichokwisha kuyeyuka.

Niliichomoa mipira hiyo mitatu, nikaikunja ndani ya beseni la siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikailaza humo usiku kucha. Asubuhi sehemu kubwa ya vijitundu ilikuwa imefunguka. Tangu hapo kila Ijumaa asubuhi hufungua ncha za mistari yote na kuyaacha maji yapite kwa nguvu mpaka yatoke safi, humwagilia jioni badala ya mchana, na nimeifunika mipira kwa majani makavu na makuti ili vijitundu visikaukie juani. Katika msimu wa pili nilibadilisha mistari miwili tu. Makuti hayo yalinisaidia pia kwa kunguru, hawa hawa walioletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka za mji, ambao sasa wamegundua kuwa mpira uliojaa maji ukidonolewa hutoa kinywaji.

Haya yote ningeyajua mapema kama duka lingeniambia. Niliulizwa ukubwa wa eneo peke yake. Hakuna aliyeniuliza nalima wapi wala maji yangu yanatoka wapi, na karatasi ya maelekezo haikuwa na hata neno moja la Kiswahili. Niliporudi kutafuta viungio vitatu vya akiba, niliambiwa haviuzwi kimoja kimoja na kwamba ninunue seti nyengine. Mkulima mdogo hawezi kununua seti nzima kwa sababu ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole, na kwa upande huu wa huduma siwezi kulisifu duka lile.

Kasoro ya mwisho si ya duka wala ya kiwanda, ni ya ardhi. Shemeji yangu ana seti kama hii hii Kizimbani, kwenye kinongo kirefu, ule udongo mzuri usio na mawe, na mistari yake imenyooka kama ya daftari. Kila kijitundu kina mche wake. Kwangu udongo umekaa katika vishimo baina ya mawe, na mche huwekwa pale jiwe liliporuhusu. Nilihesabu mstari mmoja nikakuta kati ya vijitundu 66, 19 vinamwagilia jiwe tupu, maana yake zaidi ya robo ya maji niliyoyapandisha tangini hayakumfikia yeyote. Isitoshe, mpira wenyewe ni mwembamba, na ukiburuzwa juu ya ncha za matumbawe huchanika.

Kwa hiyo mwenye kinongo, au hata kichanga, anunue bila wasiwasi, mradi asisahau kufungua ncha za mistari. Mwenye uwanda namshauri aiache seti hii, atafute ule mpira mgumu mweusi usiotobolewa, unaouzwa kwa mita, pamoja na vitoneshi vya kuchomeka, kisha atoboe mwenyewe mbele ya kila kishimo chenye mche. Vitoneshi hivyo navyo huziba kwa chokaa, ila kimoja kimoja huchomolewa na kutiwa kwenye kikombe cha siki bila kung'oa mstari mzima. Nimekwisha kulaza mistari miwili ya namna hiyo kwa ajili ya bilingani zangu, na iliyobaki nitaibadilisha kabla ya vuli.