Kusitisha bima kubwa ya gari kabla ya mwaka kuisha: huduma ilivyo Tanzania

Kukata bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, ni rahisi. Kujitoa ndiko kwenye kazi, na pesa nyingi hupotelea kwenye kifungu ambacho mawakala hawakisomi mbele ya mteja: kifungu cha kusitisha mkataba.

Kampuni ikisitisha yenyewe, hukurudishia ada kwa hesabu ya siku zilizobaki. Ukisitisha wewe, mikataba mingi hutumia jedwali la muda mfupi, yaani orodha ya asilimia ya ada inayokatwa kulingana na miezi uliyokaa, nalo ni kali. Chukua gari la milioni 20 kwa asilimia 3.5: ada ni 700,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 unalipa 826,000. Ukiondoka baada ya miezi 3, hesabu ya siku ingekupa 525,000 kabla ya VAT. Jedwali lililozoeleka linakata nusu ya ada, unapata 350,000. Kwa miezi 6 linakata asilimia 75, na miezi 8 ikishapita hupati kitu. Kwa hiyo kampuni nyingine ikikuvutia mwezi wa nne kwa punguzo la 80,000, usihame, subiri mwaka uishe. Na kama umeshadai fidia ndani ya kipindi hicho, hata ya kioo tu, kwa kawaida marejesho hayapo. Jedwali hili lilipaswa kubandikwa kwenye kila mkataba. Mara nyingi halipo, liombe kabla hujalipa. Bima ndogo ya 118,000, inayofidia watu wengine tu, usihangaike kuisitisha.

Ukiamua kuhama, barua iende kwa kampuni yenyewe, isiishie kwa wakala. Andika namba ya mkataba, namba ya gari, tarehe unayotaka bima ikome na akaunti ya kurudishiwa pesa. Notisi iliyozoeleka ni siku 7, kwa hiyo ondoka na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Gari likiwa na mkopo, ambatanisha barua ya benki ya kuridhia. Omba pia barua ya historia ya madai. Bila hiyo, kampuni mpya inaweza kukunyima punguzo la kutodai.

Bima mpya ianze siku ile ile ya zamani inapokoma, na ilipiwe kabla, kwa kuwa bima haitolewi kwa mkopo. Pengo la hata siku moja barabarani ni kosa chini ya Sura ya 169, Sheria ya Bima ya Magari. Kubaki na bima kubwa mbili nako hakukupi fidia mara mbili: kampuni zitagawana hasara, na zikivutana gari lako linakaa gereji.

Kinachostahili sifa ni mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wa kuhakiki bima mtandaoni. Unaingiza namba ya gari, unaona kampuni, aina ya bima na tarehe zake. Ukikuta bima ya zamani bado hai baada ya notisi kuisha, kampuni haijaingiza usitishaji. Rudi na nakala yako yenye muhuri siku hiyo hiyo. Wakikuzungusha, peleka malalamiko ya maandishi TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Pesa zikiingia, piga hesabu tena. Kwenye marejesho ya 350,000, VAT yake ni 63,000, na hiyo ndiyo husahaulika mara nyingi. Idai kwa maandishi.