Panki kwenye flashi: huduma ya kuhamisha kanda, Mwanjelwa

Kwa vijana wengi wa Mbeya panki ni mtindo wa kunyoa. Kwa wenye kanda za zamani ni muziki mkavu, wa mbio, gitaa likikwaruza mwanzo mpaka mwisho. Kibanda kimoja cha fundi redio karibu na soko la Mwanjelwa huhamishia kanda hizo kwenye flashi kwa shilingi 5,000, santuri 8,000. Kazi ni siku mbili.

Kipimo kizuri ni albamu ya kwanza ya Ramones, kundi la panki la New York (1976): nyimbo 14 ndani ya dakika 30, zinaenea upande mmoja wa C60 (kanda ya dakika 60, 30 kila upande). Besi ilirekodiwa kushoto, gitaa kulia. Spika ya kulia ikifa, gitaa lote limekwenda, umebaki na besi, ngoma na mwimbaji. Kwenye flashi ya kibanda hiki pande zote mbili zimetoka, ila zimegeuzwa: gitaa liko kushoto. Ni waya mwekundu na mweupe zilizochomekwa kinyume, basi.

Usafi hauna lawama. Kabla ya kila kanda, hedi (kichwa kinachosoma utepe) na rola ya mpira hupanguswa kwa spiriti na pamba. Kile kipande cha sufi kinachosukuma utepe kwenye hedi kikibanduka (gundi hukauka, sauti inafifia), fundi hung'oa kingine kwenye kanda mbovu. Kanda za skrubu tano hufunguka vizuri; zilizogandishwa kwa gundi hupasuliwa, utepe ukahamishiwa ganda jipya. C90 zina utepe mwembamba na deki huzitafuna, kwa hiyo zipeleke mbele na kuzirudisha nyuma mara moja kwanza. Baridi ya Julai nayo: kanda iliyotoka stoo ilale sebuleni usiku mzima, vinginevyo unyevu unanasa kwenye hedi.

Tatizo ni masikio. Fundi hurekodi kwa sauti ya juu mno, na kwa kuwa panki yenyewe imejaa mikwaruzo, anadhani ndivyo ilivyo. Mwambie kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Tena hagusi skrubu inayorekebisha mlalo wa hedi dhidi ya utepe. Kwenye Ramones hutajua. Kwenye albamu ya 1980 ya Talking Heads, kundi jingine la New York lililokuwa limemsikiliza sana Fela Kuti wa Nigeria, magitaa madogo madogo yanayopishana yanageuka uji. Skrubu hiyo izungushwe kidogo kidogo hadi sauti nyembamba zing'ae. Dai pia faili la WAV (sauti isiyobanwa), si MP3 iliyobanwa ya kbps 128 anayotoa bila kuulizwa. C60 itakula kama MB 600, flashi ya GB 8 inatosha kanda kumi na ushee.

Santuri usimpe. Sindano hutakiwa kukanyaga kwa gramu 2 hivi. Yake imebandikwa sarafu juu ili isiruke, na inachimba mifereji. Santuri yako ya kundi la Blondie ibaki nyumbani.