Redio ya intaneti nyumbani: hela yako iende kwenye kifaa gani?

Redio yenyewe ni ya bure. Pandora, huduma ya redio iliyoanza Marekani mwaka 2005, unaitajia msanii mmoja tu nayo inakutungia stesheni nzima, kisha inaisoma ladha yako kila unapobonyeza dole gumba la juu au la chini. Spotify nayo ina ngazi ya bure, bei yake ni kuvumilia matangazo. Hela inatoka kwenye kifaa, na hapo ndipo watu wanapopigwa: wananunua boksi la kupendeza, wanafika nyumbani, kumbe huduma waliyoitaka haimo, au haifanyi kazi nchini mwao. Pandora hiyo hiyo ni ya walioko Marekani. Basi kabla ya kununua chochote, isikilize huduma hiyo kwenye simu siku kadhaa. Ikikuudhi kwenye simu, spika mpya haitaitibu.

Nafasi ya kwanza naipa simu ya zamani iliyounganishwa na spika nzuri. Wauzaji hawatakushauri hivyo, kwa sababu nusu ya mfumo huo tayari iko kwenye droo yako. Huduma moja ikikuchosha unaifuta, unaweka nyingine. Hakuna kifaa kingine hapa chenye uhuru huo. Bajeti yote iingie kwenye spika, na uchague yenye tundu la waya pamoja na Bluetooth, maana Bluetooth ya kawaida huanza kukatika ukishapita mita kumi hivi, na kuta huipunguzia nguvu mapema zaidi. Simu unayotembea nayo haifai kazi hii: ukipigiwa, muziki unanyamaza, na ukitoka, muziki unaondoka nawe. Hakikisha tu kwamba hiyo ya zamani bado inakubali toleo la sasa la programu unayoitaka. Simu kongwe mno hukwama hapo.

Ya pili ni spika janja, kama Amazon Echo au Google Nest. Inavuta muziki yenyewe kupitia Wi-Fi, nawe unaiagiza kwa sauti huku mikono imejaa unga. Lakini kwenye ngazi ya bure, ukiomba wimbo fulani mara nyingi utapewa stesheni ya nyimbo zinazofanana nao. Kero kubwa zaidi ni familia. Watoto wakiagiza nyimbo zao wiki nzima kwenye akaunti yako, stesheni yako uliyoilea kwa miezi inageuka ya chekechea. Kwa hiyo nunua ile inayotambua sauti za watu tofauti na kumpa kila mmoja akaunti yake, na iwe na kitufe cha kuzima maikrofoni.

Kifaa cha kuchomeka kwenye TV nakiweka cha tatu. Chromecast ya Google, iliyotoka mwaka 2013 na kuacha kutengenezwa mwaka 2024, huchukua muziki moja kwa moja kutoka intaneti, simu ikabaki rimoti tu. Ni sawa kama TV yako imeunganishwa na spika za maana. Bila hizo, unawasha skrini nzima ili usikie sauti nyembamba.

Ya nne ni redio ya intaneti yenyewe, ile yenye kitufe cha kuzungusha. Naipenda kuliko nafasi ninayoipa. Unaiwasha, inaimba, na unapata stesheni kama SomaFM na Radio Paradise, zinazoendeshwa kwa michango ya wasikilizaji bila matangazo ya biashara. Ila hapo muziki umechaguliwa na watu wa stesheni, si kwa kufuata ladha yako, na orodha ya stesheni hutoka kwenye seva ya kampuni nyingine. Mwaka 2024 Logitech ilizima seva iliyohudumia redio zake za Squeezebox, na wenye redio hizo wakabaki kutegemea seva ya kuendesha wenyewe nyumbani. Muulize muuzaji orodha inatoka wapi, na kama unaweza kuingiza anwani ya stesheni kwa mkono. Akibabaika, iache.

Kompyuta? Kama ipo, itumie. Usiinunue kwa ajili ya hili.

Kwa anayelipia bando, piga hesabu mapema: mkondo wa muziki wa kbps 128 (kilobiti kwa sekunde, kipimo cha ubora wa sauti) hula karibu MB 58 kwa saa, na wa 320 hula MB 144. Kwenye spika ndogo tofauti ya hizo mbili ni vigumu kuisikia, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya programu na ushushe ubora siku ya kwanza, kabla redio haijashinda ikiimba peke yake sebuleni.