Soba hausi ya milioni moja na laki mbili: nyota mbili, na moja ni ya maharage

Jamani mmenijazia inboksi mkiulizia ile soba hausi, nyumba ya kuwaachisha watu dawa za kulevya na pombe, niliyompeleka mdogo wangu, naandika mara moja hapa nisirudierudie. Jina sitaji. Iko nje kidogo ya mji wa Dodoma, vumbi la kutosha.

Mazuri yapo. Maharage yameungwa kuliko ya kwangu, mabweni yanadekiwa asubuhi na jioni, na wanaoongoza vikao ni watu waliowahi kuwa mateja wenyewe kwa hiyo ukiwapiga fiksi wanakushtukia hapohapo. Laki nne kwa mwezi, miezi mitatu, unalipa mbele.

Sasa kuna huduma ya kumfuata mtu nyumbani, elfu themanini juu. Walikuja saa kumi alfajiri na Noah, vijana wanne, dogo kalala na bukta tu, wakamfunga mikono kwa shuka la mama, lile la maua ya njano la wageni. Geti nilifungua mimi. Dogo wala hakupiga kelele, aliniangalia akasema "Kaka, na wewe umo?"

Mapokezi nikapewa fomu, nikasaini, mama akaweka dole gumba, natafuta sehemu ya dogo mwenyewe kusaini, haipo. Namuuliza dada wa pale daktari anamuona saa ngapi, eti "daktari huwa anapita." Miezi mitatu hakupita. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa, kaimaliza kwa maji ya baridi na panadol kwenye chumba wanachoita detoksi, kufuli liko nje na funguo anayo mtu mmoja ambaye usiku anaenda kulala kwake, moto ukiwaka sijui inakuwaje. Humo kulikuwa na mzee wa pombe aliyekatishwa ghafla, siku ya pili akashikwa na degedege na nesi hayupo. Pombe ukiiacha ghafla baada ya miaka mingi inaweza kukuua, ile siyo adabu ya kumfundisha mtu, inataka hospitali.

Najua mtasema teja hana akili ya kuamua, hata mimi nilisema hivyo. Ila nimekuja kusoma baadaye, Tanzania tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009 na kifungu cha 14 kinakataa ulemavu kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru wake, halafu 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yakatoa tamko moja kwamba vituo vya kuwafungia watumiaji wa dawa kwa lazima vifungwe. Na Sheria yetu ya Afya ya Akili ya 2008, hata pale inapoongelea kumlaza mtu bila ridhaa yake, imeweka utaratibu. Siyo Noah na shuka.

Siku ya 90 akatoka kanenepa, tukachinja kuku. Wiki mbili tu tukamkuta bafuni midomo ya bluu. Alipona, Mungu mkubwa. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili ukikaa muda bila unga, yaani heroini, uwezo wake wa kuihimili unashuka, kiasi kilekile alichozoea zamani kinaweza kumuua.

Saa hizi anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, pale Itega, kituo cha Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kila siku mbele ya nesi, bure, na alienda mwenyewe na mshikaji wake wala sikumsukuma. Kinachoniuma ni kwamba soba hausi tuliichagua kwa sababu mama aliogopa jina la Mirembe. Si mnajua hapa mjini tunavyotaniana "we nitakupeleka Mirembe", basi akaona majirani watasema.

Juzi wageni wamekuja mama katandika lile shuka, dogo kaliona akatoka kukaa nje mpaka walipoondoka.

Risiti ya ile elfu themanini nimeidai wiki tatu ndo nikapewa. Wameandika "usafiri".