Nusu siku Newmarket: ziara nyota mbili, kilima nyota tano

Nianze na kilichonipeleka, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilirudi nimenuna. Kabla sijaja Uingereza kutunza wazee, nilikuwa saisi miaka tisa pale Ngong Racecourse, Nairobi. Mzee aliyenifundisha kazi aliondoka na saratani ya koo. Miezi yake ya mwisho hakuwa na sauti kabisa, lakini saa kumi na moja alfajiri ungemkuta kwenye mabanda, anapitisha kiganja kwenye miguu ya farasi mmoja mmoja. Akihisi joto kwenye kano, anakutazama tu. Hapo ushajua jana ulifunga bendeji vibaya.

Ndiyo maana Henry Cecil, mkufunzi wa farasi wa mbio aliyeondoka naye kwa saratani, ananigusa. Nikalipa pauni arobaini na ushee nikapande basi dogo, nizungushwe Newmarket, mji wa Uingereza alioishi na kufanyia kazi. Jina la kampuni nalihifadhi.

Mji wenyewe hauna mfano. Farasi wa mbio karibu 3,000 wanalala humo, na asubuhi wana njia zao, pembeni mwa barabara ya magari. Penye kuvuka kuna kitufe cha taa kilichowekwa juu, mkono wa aliyepanda ukifikie bila kushuka. Nilimtumia video rafiki yangu niliyefanya naye kazi, akajibu: "Ndugu yangu, farasi wa huko wana taa zao, sisi huku Ngong Road tunavuka kwa dua."

Sasa malalamiko. Maikrofoni ya kiongozi wetu ilikuwa inakatakata, hilo ningelisamehe. Chai ya bure ilikuwa maji ya moto yaliyotishwa kwa majani, hilo pia nasamehe. Lakini tulipofika juu ya kilima cha Warren Hill, kwenye Moulton Road, mbele ya Warren Place ambapo Cecil alikuwa na farasi wake, tulipewa dakika kumi. Kumi! Duka la vikombe na skafu lilipewa dakika thelathini. Na katika hizo kumi, kiongozi alitutajia mara mbili ada ya kupandisha Frankel, farasi maarufu wa Cecil, kama dalali.

Hakusema kwamba Cecil, bingwa wa wakufunzi Uingereza mara 10, mwaka 2005 alipata ushindi 12 tu msimu mzima, na watu walishamfuta. Hakusema kwamba mwaka uliofuata aliambiwa ana saratani ya tumbo, ilhali pacha wake, David, alishafariki kwa saratani mwaka 2000. Wala kwamba mwaka 2007, akiwa mgonjwa, alishinda mbio kubwa za Oaks kule Epsom na farasi Light Shift. Na jina la Frankel? Ni la Bobby Frankel, mkufunzi wa Marekani aliyekufa kwa saratani ya damu Novemba 2009. Mwenye farasi, Prince Khalid Abdullah wa Saudia, alikuwa amewapa wote wawili, Bobby na Cecil, farasi wake. Yaani farasi anabeba jina la mkufunzi aliyekwenda na saratani, na analelewa na mkufunzi mwingine ambaye saratani imo mwilini. Hilo la kuwaambia watu kwenye basi halikuonekana lina maana.

Frankel alikimbia mara 14 akashinda zote 14, hiyo kila mtu anaijua. Sisi wa mabandani tunatazama kingine: farasi yule alikuwa moto, anavuta hatamu kama anataka kukung'oa mabega. Cecil hakumvunja. Alimpa mpanda farasi mmoja mtulivu, Shane Fetherstonhaugh, wa kumfanyisha mazoezi ya asubuhi, mpaka akajifunza kupumua na kungoja. Agosti 2012 kule York Frankel alishinda kwa urefu wa farasi saba, na Cecil alikuwepo, amekonda, sauti imebaki mnong'ono. Alifariki Juni 11, 2013, akiwa na miaka 70.

Aliyeniokolea siku ni bibi mmoja kiti cha nyuma, mwenyeji wa mji. Aliniambia kwamba Cecil akishinda mbio za daraja la juu kabisa, bendera ya ukoo wake ilipandishwa Warren Place, na kwamba alipenda waridi kuliko kawaida, anazilima mwenyewe. Hayo nimeyapata bure, kwa kugawana naye chapati niliyobeba.

Baada ya basi nilikwenda kwa miguu mpaka National Horse Racing Museum, pale Palace House. Hapa sina neno baya. Kuna farasi wa mashine unayempanda ukajidai joki (mapaja yaliniuma siku mbili), na uani kuna farasi halisi waliostaafu mbio wanaofundishwa maisha mapya. Mmoja alinipa bega. Bila kufikiri mkono ukashuka wenyewe mguuni, nyuma ya mfupa, kutafuta joto. Dada aliyemshika akacheka: "Wewe umewahi kufanya kazi hii." Mguu ulikuwa baridi, safi.

Ushauri: acheni basi. Shikeni treni kutoka Cambridge, ni dakika ishirini na kitu, lakini laleni Newmarket usiku mmoja ili saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mmesimama kando ya Moulton Road. Hakuna tikiti. Mafungu ya farasi yanapanda kilima mawili mawili, mvuke unawatoka puani, na unasikia kwato kabla hujaona kitu. Vaeni koti zito na mbebe chai yenu. Septemba kuna wikiendi ambayo mabanda yanafungulia watu milango, na inaitwa kwa jina la Henry Cecil. Ruhusa kazini nimeshaomba.